Dirisha Namba Mbili

Miaka thelathini na mmoja niliuza safari
nisizosafiri.
Stesheni ya Khashuri, dirisha namba mbili,
kioo chenye tundu la ukubwa wa mdomo
na kijisinia cha chuma kilicholambwa na sarafu.
Sura za watu sikuzijua. Nilijua mikono:
ya mchimba viazi, ya bwana harusi,
ya mjane anayehesabu mara mbili.
"Unakwenda wapi?" nauliza.
"Mwingine!" nasema,
na kati ya maneno hayo
nikamlea Nugzari, nikamzika Otari,
nikaota mvi.

Stesheni zote nilizijua
kama ulimi ujuavyo meno yake:
Zestaponi, Rioni, Samtredia,
Nigoiti (hapo hashuki mtu,
nauli yake niliitaja kwa dharau),
Kobuleti, Batumi, bahari.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani.
Saa! Mimi, niliyeishi ndani ya saa.
Nikaiacha kwenye karatasi yake,
nikapanga foleni upande wa pili wa kioo.
Msichana mle ndani, kucha za zambarau,
hakuinua uso.
"Unakwenda wapi?"
Ulimi ukaniganda.
Swali langu mwenyewe, na sina jibu.
"Mwisho wa reli," nikasema,
na wa nyuma yangu akaguna.

Sitasema milima ilinifundisha jambo.
Milima ilipita tu, na mahandaki,
na mama mmoja aliyevua viatu akalala,
kichwa begani kwangu, bila kuomba.
Nilikaa wima saa nzima nisimwamshe.
Tangu Otari afe
hakuna kichwa kilichoniegemea.

Nigoiti treni ikasimama. Nikashuka
kunyoosha magoti, na kuona
jina lile lina uso gani:
mkomamanga mmoja, matunda yamepasuka,
benchi lililopungukiwa mguu,
mbwa asiye na haraka.
Kugeuka, treni imeondoka
na sanduku langu, na koti, na dawa za presha.

Hapo nikamkumbuka yule mwanamke
wa siku za theluji, mwaka siujui,
mikono myekundu ya kufua,
aliyeachwa na treni akalia dirishani kwangu.
"Macho ulikuwa umeyaweka wapi?" nilimwambia.
"Mwingine!"

Mgeni ni kuku mweupe:
mwanamume aliyekuwa akipaka rangi uzio
aliniona kabla sijamwona.
Vazha, akajitaja. Hakucheka.
Hakuniuliza macho niliyaweka wapi.
Alipiga simu Batumi habari ya sanduku,
akanimegea mkate wa mahindi na jibini,
kisha, aliponiona nahangaika na mikono yangu,
akanipa brashi ya pili.
Tukapaka hadi treni ya jioni.
Upande wangu ulikwenda mshazari;
nadhani upo vile hata leo.

Baharini nilifika usiku. Sikuiona.
Niliisikia tu ikivuta changarawe, ikirudisha,
kama mtu atafutaye chenji mfukoni.

"Bahari ilikuwaje?" Nugzari akaniuliza.
Nikamwambia: Nigoiti kuna mkomamanga.
Akamtazama mkewe. Walidhani
nimeanza kusahau.

Alhamisi iliyopita, natoka sokoni,
nilipita stesheni na kikapu cha vitunguu.
Nikainama usawa wa tundu,
nikamuuliza yule msichana jina lake.
Ndipo akainua uso. Pikria. Ana kidoti
chini ya jicho, na usingizi mwingi.
Kucha sasa ni za kijani.
"Unakwenda wapi, mama?"
"Leo siendi. Nimekuja kukuona."

Nyuma yangu foleni ikaguna.
Nikaiacha igune.