Chupa ya Mita Mia Saba

Chupa ya kumi na moja imefika Wesha usiku,
imeviringishwa gunia bichi, kibandiko kimelowa:
Mkondo wa Pemba. Mita mia saba. Saa tisa alasiri.
Mize akaishika, akashtuka.
"Hii imetoka friji ya nani?"

Hakuna friji. Huko chini ndiko kulivyo.
Hapa gatini watoto wanachupa na kuibuka
mpaka vidole vinawanyauka kwa vuguvugu,
na nje kidogo ya mwamba, bahari inapokatika ghafla,
yanapita maji yaliyowahi kulala ubavuni mwa barafu.

Nawasha mashine ya chumvi. Inakoroma kama paka mzee.
Nasoma, naandika.
Nasoma, nafuta, naandika tena:
thelathini na nne nukta nane.
Chumvi haba, ya kusini hii, ya upande wa Ncha,
ambako maji huelemewa na baridi, yakazama,
yakauacha mwanga, yakashika njia
miaka thelathini, pengine hamsini,
hakuna aliyeyasindikiza.

Haba, lakini si haba vya kutosha.
Kuna mkono mwingine humu:
maji ya Bahari ya Shamu, yaliyokaangwa na jua,
yakajipenyeza Bab el Mandab, yakateremka.
Yamekutana wapi na haya? Karatasi haisemi.

Bibi alikuwa na bakuli mbili,
tui la kwanza huku, tui la pili huku.
Yakishaingia chunguni, alisema,
kiasi anakijua mpishi peke yake.
Mimi ndiyo kazi yangu hiyo:
kuonja mchuzi ulioiva, nikataja kila tui kwa kipimo chake.

Nachora mstari baina ya nukta mbili.
Maji yangu yanakaa juu yake, si katikati.
Sita kwa nne, sita za barafu.
Saba kwa tatu, ukimuuliza Hamad Tumu,
ambaye haiamini mashine hata siku moja.

Asubuhi nilikuwa kwa sheha, fomu mkononi.
Jina. La baba. La babu. Asili yako.
Nikaandika Kojani.
"Na kabla ya Kojani?"
Kabla ya Kojani kuna mtu aliyeshuka na maji ya kupwa.
Bibi hakumtaja jina. Leo husema yule wa Shihiri,
kesho yule wa Ngazija, na akikasirika
husema yule, basi.
Sheha akanionesha kalamu. "Nafasi ndogo. Andika moja."
Sikuandika. Fomu imo kwenye mkoba, imekunjwa mara nne.

Saa sita usiku umeme ukakatika, ukarudi.
Mize kalala juu ya daftari.
Nimeishika tena chupa: imeshapata joto la chumba,
ukiigusa sasa utadhani ni maji ya hapa hapa gatini.

Nikairudia chumvi.
Thelathini na nne nukta nane.