Kisu cha Mkono wa Kushoto

Sogea mezani, ila usiguse chuma kwa kidole kitupu:
kwa baridi hii, nyuzi arubaini chini ya sifuri,
ngozi hubaki kwenye kisu
na mtu akarudi kwake bila alama za vidole.
Shika mpini. Mpini ni mti, mti hauumi.

Kizuri chajiuza, husema watu.
Hiki kimelala hapa misimu minne ya theluji
na si kibaya.

Kitazame. Ubavu huu una mfereji,
niliuchimba kwa patasi chuma kikiwa chekundu bado;
ubavu wa pili umetuna kidogo
kama shavu la mtoto aliyeficha peremende.
Ndivyo tunavyovifua kwetu, kando ya mto Vilyui,
upande mmoja haufanani na mwenziwe:
kisu huchagua mkono
kabla mkono haujakichagua.

Na hiki ni cha kushoto.

Wawindaji hukinyanyua, hujaribu kuchonga kijiti,
makali yakakimbilia pembeni.
"Mzee, hapa umekosea," huniambia,
nami huwauzia vile vingine, vya kulia, wakaenda.
Sikukosea. Nilipewa kipimo.

Novemba, mwaka ule mto ulipochelewa kuganda,
Erchimen dereva aliingia karakana bila kubisha,
begani springi ya lori, imekatika katikati kama mkate.
"Imenibeba kilomita laki mbili," akasema,
"sasa niibebe mimi, kiunoni."
Akalaza mkono wake wa kushoto juu ya ubao,
nikauzungushia penseli.
Vidole vinne na nusu;
nusu ya pili aliiacha ndani ya injini, huko Mirny.
Akatoa arbuni, rubli mia tatu,
noti zenye harufu ya dizeli na samaki.
"Usiharakishe."

Sikuharakisha.
Machi alipita, akaacha lori likinguruma nje,
akakuta ubapa uko tayari na mpini haujakauka.
Ningeweza kuufunga hivyohivyo.
Wangapi hufunga hivyohivyo!
"Basi nikirudi," akasema,
akala kipande cha mkate wangu akiwa amesimama.

Aprili barabara ya barafu ilipasuka, kilomita tisa kutoka hapa.
Lori walilivuta Juni.
Mlango wa dereva ulikuwa wazi.

Tangu hapo kila Jumamosi nakileta,
kila Jumamosi nakirudisha.
Nakitia mafuta, nakipitisha kwenye kinoo,
mke wangu hunitazama, hasemi kitu, huongeza kuni.

Lakini wewe, Aitalina,
ndiwe, siyo? binti wa yule fundi wa majiko,
wewe umevua glavu ya kushoto kwanza.
Nimeona.
Haya, chukua kijiti. Chonga.

Umesikia? Hakilalamiki.
Kitakuchunia sungura kabla chai haijapoa,
kitakukatia samaki aliyeganda
vipande vyembamba, vya kujikunja, kama maranda ya seremala.
Waya hakikati, usijaribu.
Maji ya moto hakiyapendi.
Na hapa karibu na mpini pana doa, kama jicho la mbu:
nilipiga chafya nyundo ikiwa hewani.
Sifichi.

Bei yake elfu saba.
Nipe elfu sita na mia saba.
La, sijakupunguzia! Mimi sipunguzi, uliza soko zima.
Mia tatu zimekwisha kulipwa.

Ala hii hapa, ngozi ya mkia wa ng'ombe, ifunge upande wako.
Jambo moja tu:
kule mwisho wa mpini kidole chako kidogo
kitakuta kishimo kifupi, hakikitoshi.
Usikichonge kikaongezeka.
Wiki ya kwanza kitakukera.
Baadaye kidole chenyewe kitajikunja.