Daftari la Madeni

Mteja amesimama nyuma ya kiti changu, Nyawera,
mvua inapiga bati kama mtu anayedai chake.
"Nataka ionekane imeandikwa kwa mkono," anasema,
"lakini isiwe ya mkono. Iwe safi. Iwe ya kirafiki."
Ni lebo ya sabuni. Namfungulia orodha ya fonti,
nashuka mpaka C: Cibalonza, Kawaida.
Haina nene. Haina mlalo.
Mwenye mkono huo hakuwa na haja ya kukaza sauti,
na herufi zake zilikuwa zimeshalala zenyewe,
kama nyumba za Kadutu zinavyouegemea mteremko.

Niliikata moja moja kutoka daftari la madeni:
biki ya buluu, kurasa zinanuka sambaza.
*Fundi redio, unga, mafuta, atalipa Jumamosi.*
Jumamosi ipi, mama hakuandika.
Saba yake ina mkanda kiunoni, mafunzo ya masista;
a yake haifungi mdomo;
k inampiga teke jirani,
ikabidi niwatenganishe kama watoto kitandani.

Q sikuipata. Kurasa mia mbili,
hakuna mtu wa Q aliyewahi kukopa kwake.
Nikachukua tisa, nikaigeuza mkia.
Huo ndio uongo wangu mmoja.

Siku hizi mwandiko wake umezagaa mjini:
chupa za asali, mialiko ya harusi,
fulana za kwaya, mtindi, mkesha wa maombi,
hapa tunachaji simu.
Yeye aliyeandika akiuma kifuniko cha biki,
mdogo wangu mgongoni, koroboi ikitoa moshi.
Kompyuta haichoki, kila a ni a ileile.
Zake hazikufanana hata mbili:
jioni zilinenepa,
siku za homa zilitambaa nje ya mstari.
Nilichagua moja, ya Jumanne fulani,
nikaiambia: wewe ndiye mama.

Juzi napanda Kadutu, mkate kwapani,
nakuta duka jipya, kibao cheupe, mkono wake:
*Hapa hatukopeshi. Usiombe.*
Nikasimama, mkate ukalowa.
Ile p na mguu wake mrefu. Ile a, mdomo wazi,
kama mtu aliyesukumwa mbele ya watu aseme jambo
ambalo hajawahi kulikubali.

"Hii," anasema mteja, kidole kwenye kioo. "Hii hii."
Anauliza bei. Anahesabu franka, anahesabu tena.
Nusu leo, nusu Jumamosi?
Navuta droo, natoa daftari.
Mwandiko wangu mbaya, tangu shule wananicheka.
"Jina?"
"Quentin."
Biki inasita pale mwanzo,
haijui mkia unaelekea wapi.