Zamu ya Maji, Izki

Siku ya tatu sasa, programu inakataa.
Zamu ya Bi Thuraya mfumo unampa jirani,
mitende yake inakauka, simu yake haichoki:
"Nasra, hiyo kompyuta yako imerogwa?"

Nimesoma msimbo mstari kwa mstari,
nimefuta, nimerudisha nilichofuta.
Kahawa imepoa, kiyoyozi kinakoroma,
bosi yuko Maskati, anauliza: "Bado?"
Bado.

Ndipo mama, toka jikoni,
kwa Kiswahili chake cha Wete:
"Usiku wa Ijumaa huu, usisahau Yasini."

Leo Alhamisi.

Nikaacha kuchapa.
Ijumaa ya mama imeshaingia na magharibi,
na ya falaji vilevile, tangu enzi za waliouchimba.
Yangu tu ndiyo iliyokuwa nje inangoja saa sita ya usiku,
kama mgeni asiyejua mlango.

Nilibadili mstari mmoja.
(Siku tatu, mstari mmoja, mshahara uleule.)

Alfajiri nikateremka mferejini, viatu mkononi.
Maji yalikata kona ya Bi Thuraya kwa dakika yake,
yakanipitia miguuni, baridi.

Simu haikulia kutwa.
Kazi hii shukrani yake ndiyo hiyo.