Kabla Hujawasha

Karibu, Bwana Halake. Zunguka, litazame.
Piga magoti uchungulie chini, usione haya.
Nami nilipiga magoti miaka saba iliyopita, Ngong Road,
muuzaji akiniapia kwamba lilikuwa la mwalimu wa kike, Japani,
aliyelitoa Jumamosi tu, kwenda sokoni.
Kila Vitz iliyofika Nairobi ilikuwa ya mwalimu huyo.
Sijui alifundisha saa ngapi.

Hiyo ko-ko-ko utakayoisikia mbele, kushoto,
ni bushi. Odwar wa Grogan amezibadilisha mara tatu,
na mara tatu matuta ya Donholm yamezila.
Siku hizi nasema ni barabara inabisha hodi,
nami siifungulii.

Mlimani, nisikufiche, utanyenyekea.
Tulikuwa wanne na gunia la viazi,
tunapanda kutoka Mai Mahiu, nimezima kipoza hewa,
nimekanyaga mafuta hadi kidole cha mguu kikafa ganzi,
likatupita lori la ng'ombe.
Ng'ombe walitutazama.
Mmoja alitutazama kwa muda mrefu.

Ukimuuliza Ndolo, wa mlango wa pili,
atakwambia hiki ni kibiriti chenye magurudumu,
ununue Demio, inashika kona kama kucha.
Ni kweli inashika. Nimeiendesha, nikaionea wivu.
Lakini Ndolo huyo alipanda miguu wiki tatu
giaboksi yake ikilala Industrial Area kama mgonjwa wa bima.
Wairegi naye ana Fit, na daftari:
lita, kilomita, tarehe, hata upepo nadhani huuandika.
Ukisimama naye langoni utachelewa kazini.
Achola ana March iliyomtia hasara ya mwaka mzima
na bado huipangusa vioo kwa kanga yake mpya.
Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.
Basi nisikilize mimi pia kwa sikio moja.

Mimi ni mkunga. Simu yangu hulia saa tisa usiku.
Kwa miaka saba limekataa kuwaka mara moja tu,
na siku hiyo kosa lilikuwa langu, niliacha taa ya ndani.
Aprili ile ya mafuriko, magari marefu yamekwama South C,
madereva wamevua viatu, wanapiga simu,
nililiambia, twende polepole, usipumue,
likapita, maji yakigonga milango.
Mtoto wa usiku ule sasa anaenda shule.
Na mjini! Biashara Street, kati ya Prado mbili,
niliingia kinyumenyume kama uzi kwenye sindano
hadi askari wa kaunti akasahau kuniandikia.

Hapana, kioo cha pembeni si chake cha asili.
Cha asili kilichukuliwa kwenye foleni nikikitazama.
Nilikinunua tena kesho yake, Kirinyaga Road. Huenda ni kilekile.

Unauliza kwa nini nauza.
Ni swali la haki. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo.
Fungua buti. Unaona upana wake?
Shopingi inaingia, mtungi wa gesi unaingia,
begi langu la kazi na mwavuli.
Kiti cha magurudumu cha mama hakiingii.
Nimekilaza, nimekisimamisha, nimekigeuza kichwa chini,
Odwar akanitolea hata tairi la akiba.
Kinabaki nje, sentimita nne.
Nimezipima mara nyingi. Hazipungui.

Haya, ufunguo huu hapa.
Umeona hako kataa ka samawati?
Kanasema injini bado ni baridi.
Wengi hawakajali, huondoka mbio.
Wewe subiri kazime.
Ni dakika mbili, tatu asubuhi za Julai.
Mimi hutumia muda huo kufunga kamba za viatu.