Lita Tano, Kabla ya Saa Sita

Majira yote ya baridi nilikuwa natafuta
divai nyekundu ya siku ya Jumanne,
si ya harusi, si ya kumkirimu daktari,
ya kuteremshia dengu tu, na soseji,
na mkate ulionunuliwa laini asubuhi
ukaanza ukaidi jioni.

Nilianza dukani, rafu ya chini,
pale mtu anapoinama kana kwamba anafunga kamba za viatu
ili jirani asimwone.
Chupa ya kwanza ilikuwa na picha ya ngome.
Ngome ilikuwa nzuri. Kibaya chajitembeza:
divai ilinuka mbwa aliyenyeshewa.
Ya pili ilikuwa tamu, tamu ya kujipendekeza,
kama mgeni anayesifu pazia kabla hajaketi.
Ya tatu niliimwaga kwenye sufuria ya nyama
na nyama nayo ikaikataa.
Rahisi ni ghali, nikajiambia,
nikapanda rafu ya kati, euro tisa,
nikakuta ghali nayo ni ghali.

Nilimlalamikia Odilon, fundi wa paa,
aliyekuwa juu akirudisha vigae
vilivyohamishwa na upepo wa kaskazini.
Hakugeuka. Alisema, msumari mdomoni:
"Binti wa Séverin ananunua divai dukani?"
Kisha akaendelea kugonga.
Nilimlipa, akaenda zake. Nyundo ilibaki kichwani
mpaka usiku.

Bandani, nyuma ya mashine ya kukatia nyasi,
dumu la baba lilikuwapo bado,
la lita tano, jeupe zamani, sasa rangi ya waridi
kama ufizi wa mtoto.
Shingoni plasta, na mwandiko wake: SI MAFUTA.
Miaka thelathini alipeleka zabibu zake ushirikani
akirudi na dumu hilo likimgonga goti,
nami, niliyekwenda kusoma Montpellier,
nikilisukuma kwa mguu chini ya meza
marafiki wangu wakija.

Nililisuuza mara tatu kwa maji ya moto.

Ushirika hufungwa saa sita kamili.
Saa sita kasorobo nilikuwa kwenye foleni
nyuma ya padri, na kijana mwenye matope magotini,
na bibi aliyepanga chupa tupu za soda
ndani ya kigari cha mtoto.
Divai hutoka kwa pampu, ndiyo, kama petroli,
mpira mweusi, namba zinakimbia.
"Zabibu moja au mchanganyiko?" akauliza Ghislaine.
Sikujua. Akaisoma plasta, akanitazama.
"Mchanganyiko," akajijibu, akabonyeza.
Euro kumi na senti hamsini.
Hakuna aliyeninusisha kizibo.

Jioni alikuja Odilon na mkewe Nadège.
Nilikaanga mayai na uyoga, nikapasha dengu za juzi,
nikamimina kwenye glasi za maji,
nikasubiri hukumu.

Hukumu haikuja.
Nadège alikuwa anasimulia jinsi mbuzi wa shemeji yake
alivyoingia benki,
Odilon akabisha, hakuwa mbuzi, alikuwa kondoo,
mkono mmoja ukapeleka dumu, mwingine ukalipokea,
mkate ukaisha,
na hakuna aliyetaja cheri wala moshi wala ngozi.
Mimi nilionja. Uchachu kidogo pembeni mwa ulimi,
vumbi la njia ya mizabibuni mwezi wa nane,
na kitu kingine nilichokuwa nakaribia kukipa jina,
kisha nikasahau kuonja,
maana nilitaka kujua
mbuzi alipanga foleni au hakupanga.

Asubuhi niliona duara jekundu kwenye kitambaa cha meza,
mahali palepale kilipokuwa kiti cha baba.
Nimeliloweka kwa chumvi. Halijatoka.
Sijasugua sana.

Dumu limebakiza vidole viwili.
Kesho kuna supu.