Since ya Nyamizi

Jumapili usiku, Isevya. Kidato cha pili B,
madaftari arobaini na saba, kalamu nyekundu moja
nayo inakohoa.

Nilikwisha kuwaambia: kiunganishi ni kulabu.
Mtoto wa Tabora hahitaji mchoro ubaoni;
amesimama stesheni akaona
mabehewa ya Mwanza yakikatwa, ya Kigoma yakiungwa,
mtu wa reli ameinama katikati,
na ule mlio, ngwa!
sentensi mbili zikawa safari moja.

Lakini kulabu moja yatosha.
Shija ameanza na because, katikati akatia so,
kama mtu aliyevaa mkanda
kisha akajifunga na kamba ya katani juu yake.
Nimeikata so.
Mihambo ameandika because of mama anaumwa.
Hapana, Mihambo. Hiyo yenye of
haina ubavu wa kuvuta sentensi nzima.
Ipe jina tu: ipe homa, ipe mvua, ipe ada.
Mbona kwa lugha yako hukosei?
Kwa sababu mvua ilinyesha. Kwa sababu ya mvua.
Hako ka "ya" ulikajua
kabla hujaota meno.

Kisha daftari la Nyamizi,
limevikwa gazeti, linanuka moshi wa tumbaku.
Since baba alikwenda Mpanda,
halafu mimi, halafu kuchelewa shule.

Kalamu ikasimama.
Since ina milango miwili:
huku tangu, huku kwa kuwa.
Kitenzi ndicho shahidi, huwa nawaambia,
kitazameni kitenzi kimevaa wakati gani.
Nami nikakitazama.
Alikiandika, akakifuta, akakiandika, akakifuta,
mpaka karatasi ikatoboka.
Penye shahidi pana tundu,
na ndani ya tundu naona zoezi la ukurasa wa pili.

Asubuhi nikamwita mezani.
"Hii yako ni ya tangu, au ya kwa kuwa?"
Akalitazama tundu, si mimi.
"Ilianza ikiwa tangu, mwalimu."

Nilikuwa na kanuni, nimeibeba miaka kumi na minne,
nikaitafuta mdomoni, sikuiona.
Nikachana kipande cha karatasi,
nikakipaka gundi, nikakibandika kwa nyuma.
Vema sijaweka. Kosa sijaweka.
"Kikikauka," nikamwambia, "utaandika tena."

Akarudi kwenye dawati, daftari wazi mikononi,
akilipuliza.